Maswali yenu kuhusu Golden Sun: majini, mafumbo na hadithi iliyokatwa katikati

Safu hii ni ya Golden Sun, mchezo wa video wa kuigiza wahusika uliotengenezwa na Camelot na kutolewa na Nintendo mwaka 2001 kwa ajili ya Game Boy Advance. Baadhi ya walioniandikia wanaucheza kwenye konsoli yake ya asili, na wengine wameukuta kwenye Switch, ambako umekuwapo tangu Januari 2024 kwa wanaolipia huduma ya mtandaoni ya Nintendo pamoja na nyongeza yake.

Swali: Mchezo wa mwaka 2001 una nini cha kumpa mtu ambaye hakuucheza utotoni?

Jibu: Una jambo ambalo hadi leo ni nadra, nalo ni kwamba nguvu za ajabu za wahusika, ziitwazo Psynergy, hazikai vitani tu bali ndizo unazotembea nazo ulimwenguni. Isaac, kijana wa kijiji cha Vale ambaye ndiye unayemwongoza, akisimama mbele ya nguzo ya mawe na kuita nguvu yake ya kusukuma, hutokea mkono mkubwa wa mwanga ukaisogeza nguzo ile hatua moja, nawe ukapata njia. Ivan, mwenzake Isaac, husoma mawazo ya watu, na kwa hiyo kila mpita njia ana maneno mawili: anayokwambia na anayoyaficha moyoni. Dimbwi la maji sakafuni, ambalo kwingine lingekuwa pambo tu, hapa unaweza kuligandisha likasimama kama nguzo ya barafu na ukakanyaga juu yake kuvuka. Mchezaji huanza kuutazama kila ukuta, kila kichaka na kila mche kwa jicho la kuuliza, na kwangu mimi hiyo ndiyo raha kuu ya mchezo huu. Tena nguvu hizo hujirudisha zenyewe kadiri unavyotembea, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzifanyia ubahili.

Swali: Majini sijawaelewa. Nikiwatumia vitani, mhusika wangu anakuwa dhaifu ghafla. Nakosea wapi?

Jibu: Hukosei, ila hujaambiwa vizuri. Majini, ambao mchezo unawaandika Djinn, jina ambalo kwa msomaji wa Kiswahili halihitaji tafsiri, ni viumbe wadogo wa asili nne: ardhi, moto, upepo na maji. Katika mchezo huu wako 28, saba kwa kila asili, na kila mmoja huwa katika mojawapo ya hali tatu. Akiwa ameambatana na mhusika, humwongezea uhai, nguvu na wepesi, na mchanganyiko wa majini alio nao mhusika ndio unaoamua daraja lake, yaani aina ya mpiganaji aliye, na Psynergy anazoweza kuita. Ukimwachilia vitani, hufanya kazi yake mara moja, iwe ni pigo, uponyaji au kinga, kisha hukaa pembeni. Akiwa hapo pembeni, nyongeza zote alizomletea mhusika huondoka pamoja naye, na daraja linaweza kubadilika palepale katikati ya pambano. Ndiyo maana uponyaji uliouona kwenye menyu raundi iliyopita unaweza usiwepo tena raundi hii.

Faida ya kuwaweka pembeni ni kwamba majini waliokaa hapo ndio wanaokuwezesha kuita viumbe wakubwa: mmoja kwa mwito mdogo, hadi wanne wa asili moja kwa mwito mkubwa kama Judgment au Thor. Baada ya mwito, majini waliotumika huingia katika hali ya tatu, ya kupumzika, kisha hurudi mmoja mmoja raundi kwa raundi. Kwa hiyo kila uamuzi una bei yake, kwani unadhoofika sasa ili upige kwa nguvu baadaye, na ukipiga utabaki mtupu kwa muda. Sijaona mifumo mingi ya mapigano katika konsoli ya mkononi iliyofikiriwa kwa makini namna hii.

Lakini hapohapo ndipo palipo udhaifu mkubwa wa Golden Sun, nao unaniuma kwa sababu naupenda mchezo wenyewe. Maadui wa kawaida njiani ni wepesi mno, kiasi kwamba unaweza kubonyeza shambulio la kawaida tu hadi waishe. Maadui wakuu nao wana dawa moja: ingia pambanoni majini wako wote wakiwa wamewekwa pembeni tayari, uite viumbe wanne wakubwa raundi ya kwanza, na mara nyingi hutahitaji raundi nyingi zaidi. Aliyeutengeneza mfumo huu alikupa seti kamili ya vifaa vya fundi, kisha akakukabidhi kazi inayomalizika kwa nyundo peke yake. Ushauri wangu ni kwamba uingie kila pambano majini wakiwa wameambatana na wahusika, kisha uwaachilie kwa mpangilio. Mchezo utakuwa mgumu kidogo, nao utakufunulia ulichokuwa unakikosa.

Swali: Naamuru wahusika wote wanne wamshambulie adui mmoja, lakini akifa mapema waliobaki wanajikinga badala ya kumgeukia adui mwingine. Je, ni hitilafu?

Jibu: Si hitilafu, ndivyo ulivyotengenezwa. Amri zote hutolewa mwanzoni mwa raundi, na ambaye shabaha yake imeshaanguka kabla zamu yake haijafika hujikinga tu. Wapo wanaosema kanuni hii inamlazimisha mchezaji kukadiria, na nakiri kwamba baada ya saa kadhaa nilianza kugawa mashambulizi kwa hesabu nzuri zaidi. Hata hivyo, maadui hutokea ghafla na mara kwa mara, na katika mapambano mengi ya njiani hesabu hiyo ni usumbufu zaidi kuliko mkakati. Watengenezaji wenyewe waliiacha kanuni hii katika mchezo wa tatu, Dark Dawn wa mwaka 2010, ambamo mhusika humgeukia adui aliyebaki.

Swali: Nimeona mche mdogo chini ya genge, na hakuna nguvu yangu inayoufanya lolote. Nimekwama?

Jibu: Hujakwama. Mche huo unasubiri nguvu ya kuotesha, ambayo Isaac na mwenzake Garet hawana katika madaraja yao ya mwanzo. Fungua menyu ya majini, mchukue Flint, jini wa ardhi unayempata mapema kabisa, na umhamishie Garet, ambaye asili yake ni moto. Daraja lake litabadilika, na kuotesha kutaonekana miongoni mwa Psynergy zake. Ukiielekeza kwenye mche, utarefuka hadi juu ya genge na utaupanda kama ngazi. Ukishamaliza, rudisha majini ulivyokuwa umewapanga.

Swali: Mazungumzo yanaweza kurukwa?

Jibu: Hayawezi, na ni marefu kupita kiasi, hasa mwanzoni kabla hujatoka Vale. Wahusika husema jambo, hulirudia kwa maneno mengine, kisha vichwani mwao hutokea alama za mshangao. Utaulizwa pia maswali mengi ya ndiyo au hapana ambayo majibu yake hayabadilishi kitu, isipokuwa moja: ukikataa kuianza safari unapoombwa, mchezo unakwambia kwamba ulimwengu ulielekea maangamizi yake, na mambo yanaishia hapo. Natamani maswali mengine nayo yangepewa uzito kama huo.

Swali: Je, nitumie spika za masikioni?

Jibu: Ndiyo. Muziki ni wa Motoi Sakuraba, na Game Boy Advance ina spika moja ndogo inayoubana. Ukiwa na spika za masikioni, sauti za kulia na kushoto hutengana, na muziki wa mapambano hupata nafasi yake.

Swali: Nimemaliza mchezo na hadithi haijaisha. Minara ya taa ya safari hii ni minne, na nimefika miwili tu. Nimepitwa na kitu?

Jibu: Hujapitwa na kitu, kwa kuwa Camelot waliigawa hadithi moja katika michezo miwili. Nusu ya pili ni The Lost Age, iliyotoka Japani mwaka 2002 na kwingine mwaka 2003. Kwa aliyelipa bei kamili mwaka 2001 na kufika mwisho akakuta safari ndiyo kwanza inaanza, nadhani lalamiko lilikuwa la haki. Kwako wewe ambaye unaweza kuendelea leo hii, mgawanyo huo una faida moja: Isaac na wenzake unaweza kuwahamishia katika mchezo wa pili pamoja na viwango vyao na majini wao.

Uhamisho hufanyika kwa waya wa kuunganisha konsoli mbili au kwa nywila. Nywila fupi ina alama 16, ya kati 61, na ndefu 260, na ni hii ndefu inayobeba hata silaha na sarafu. Mimi niliinakili kwa kalamu katika kurasa mbili za daftari, nikaikosea mahali pamoja na nikalazimika kuipitia upya, alama baada ya alama, tangu mwanzo. Wewe piga picha kila ukurasa wa skrini, na usiufute mchezo wako wa kwanza kabla hujawaona wote wanne wamefika upande wa pili.