Kilolita ni mitungi mingapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Bili yetu ya maji imeandikwa kilolita 14, nasi nyumbani twahesabu kwa mitungi. Kilolita ni kitu gani? Na nitajuaje birika letu la mvua laingia ngapi? – Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kilolita 1 ni lita 1,000, sawasawa na mita 1 ya ujazo: sanduku la mita moja kila upande. Kwa mitungi ya lita 20, hiyo ni mitungi 50. Basi bili yako ni mitungi 700. Fikiria punda wangapi hao!

Birika nalipenda zaidi. Letu hapa Mkomani lilipokauka nilishuka na kamba ya kupimia: urefu mita 3, upana 2, kina 1.5. Zidisha, utapata kilolita 9. Lakini nilipopapasa ukuta niliona alama ya maji imekoma sentimita 20 chini ya ukingo, penye tundu la kumwagia maji yanayozidi. Kina cha kweli ni mita 1.3, kwa hiyo laingia kilolita 7.8 tu. Nawe lipime hadi kwenye tundu, usipime hadi juu.

Na masika yakija: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Dari la mita 60 za mraba likinyeshewa milimita 50 hukuletea kilolita 3, ukiwa umesafisha mfereji mapema.