Jibu: Hadhira inapiga makofi tu, haitaki kuingia kwenye igizo

Habari mdau. Umesema kikundi chenu kimesoma nadharia ya Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil aliyetaka watazamaji nao waingie kuigiza, na kuandaa igizo la mimba za wanafunzi, ila mkilisimamisha katikati na kuwaita watazamaji washike nafasi ya mhusika, wanacheka na kupiga makofi tu.

Kwanza kabisa angalieni mwisho wa igizo. Vikundi vingi nilivyofanya navyo kazi humalizia kwa mwalimu au mwenyekiti wa kijiji kutoa mawaidha. Mkishatoa jibu, mtazamaji aingie kufanya nini? Kateni mwisho huo. Simamisheni pale bodaboda anapomnyooshea binti hela ya daftari na yeye bado hajaipokea, mwezeshaji aulize: "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Atakayejibu akiwa amekaa, mwombeni aje aonyeshe.

Halafu, hadithi mmeipata wapi? Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipofanya kazi ya maigizo kijijini Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji wenyewe walishiriki kuchambua matatizo yao na kuyaigiza. Hatua hiyo ndiyo kazi yenyewe, msiiruke. Ongeeni na wasichana peke yao kwanza, maana mbele ya wazazi watanyamaza.

Na shukeni jukwaani, chezeni chini watu wakiwazunguka.

Kama kuna kesi inayoendelea hapo kijijini sijui, ila ulizeni kabla ya kucheza, binti wa watu asije akajiona anaanikwa hadharani.