Maua ya Ndani, na Hayo Madirisha Yenu

Wiki hii mmenijazia maswali ya maua ya ndani. Nimechukua matano.

Nipande maua gani yasafishe hewa sebuleni?

Hili nimelijibu mpaka basi, jamani mnasoma kweli? Hiyo stori ilianzia kwenye utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa 1989, waliweka mimea kwenye chemba ndogo iliyofungwa pande zote, sio sebule ya watu wanaoingia na kutoka. 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, wakapiga hesabu upya wakaona ili maua yafikie kazi inayofanywa na hewa inayopita tu ndani ya jengo unahitaji kati ya mimea 10 na 1000 kwa kila mita moja ya mraba, sasa wewe utakaa wapi? Fungua dirisha. Ila ndo hapo, mmeng'oa madirisha ya mbao mkaweka ya alumini ya kusukuma, ambayo hata ukifungua mpaka mwisho nusu bado kioo, juu yake pazia mbili nzito, halafu mnaniuliza maua. Wazee wa Lamu na Mji Mkongwe walijenga nyumba na uwazi katikati, hewa inapanda na kutoka yenyewe, feni hakuna.

Mama mkwe anasema maua chumbani yanamaliza hewa usiku.

Mwambie kwa heshima kwamba mumeo anayekoroma hapo pembeni anavuta hewa nyingi kuliko hilo ua. Kinachoua ni jiko la mkaa mnaloingiza ndani msimu wa baridi, Njombe huko na Limuru. Moshi ukikata mnaona liko salama, kumbe kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Litoeni nje!

Majani yanageuka njano, nimwagilie zaidi?

Punguza. Na chungu kiwe na tundu chini.

Mani planti yangu ipo kwenye chupa ya maji, inaleta mbu?

Inaleta, tena yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, wa dengue, anang'ata mchana kwa hiyo usitegemee chandarua. Mwaga maji mara mbili kwa wiki na usugue ndani ya chupa pale maji yanapoishia, mayai yananata hapo, ukimwaga tu bila kusugua yanabaki. Na kile kisahani chini ya chungu mnakisahau kila siku.

Nataka makombe na matumbawe ya kupamba ukutani.

Yaacheni baharini. Lile kombe kubwa linalong'aa mara nyingi mnyama mwenyewe wa ndani alikuwa hai, akachemshwa ili ulinunue. Chukua mkeka wa ukili, vikapu, vibuyu. Ukipaka mbao vanishi, ipakie nje na iache ikauke hukohuko mpaka harufu iishe. Na kama una mtoto anayetambaa, lile ua la majani mapana yenye mabaka meupe litoe leo, utomvu wake unawasha na kuvimbisha ulimi.