Kabla hujaing'oa mashine ya zamani kwenye boti, ipime kwanza

Mtu akishanunua boti ya zamani, ile ya fiba ya futi thelathini na kitu yenye kabini na mashine ya dizeli ndani, haipiti miezi miwili utamsikia anauliza, kaka hii mashine inakunywa sana, niitoe niweke mpya? Mimi nakuuliza swali moja tu, umeipima? Hapo ndo unakuta hajapima, anasema tulijaza Ijumaa tukaenda kisiwa cha Mbudya, Jumapili tunarudi mshale uko chini. Ndugu yangu, mshale wa tenki kwenye boti inayoyumba haukuambii kitu.

Boti yangu ni ya mwaka 1979, mita 11, inalala Msasani, Dar, na ndani ina Perkins 4.236 moja. Hiyo namba inajieleza yenyewe, silinda 4 na inchi za ujazo 236, yani kama lita 3.9 hivi. Ni familia ileile ya mashine zilizofungwa kwenye matrekta ya Massey Ferguson, na kwangu mimi hiyo ndo sababu ya kwanza ya kuipenda, maana gasketi, ringi, nozeli na filta naulizia kwa watu wa spea za trekta Kariakoo na Gerezani na mara nyingi natoka navyo siku hiyohiyo. Vinavyosumbua ni vile vya upande wa maji chumvi yanayopoza mashine tu, pampu yake, kipozeo, na ile kona ya ekzosti ambapo maji yanachanganyika na moshi. Hivyo agiza mapema kabla havijafa.

Sasa kupima. Nilichukua dumu la lita 20 la rangi nyeupe linaloonyesha mafuta, nikaweka alama za kalamu kila lita moja, nikatoa paipu ya mafuta kwenye tenki nikaiingiza kwenye dumu. Na paipu ya kurudisha pia iingie kwenye dumu hilohilo, hapa watu wengi wanakosea, mashine ya dizeli inavuta mafuta mengi kuliko inayochoma na yanayobaki inayarudisha, kwahiyo ukiyaacha yarudi kwenye tenki utaona kama inakunywa kuliko ukweli. Halafu unatoka asubuhi bahari ikiwa shwari, unashika mwendo mmoja nusu saa, unasoma dumu, unabadilisha mwendo, unasoma tena.

Nilichokipata: kwenye mizunguko 1,600 kwa dakika boti ilienda maili 6 za bahari kwa saa ikachoma lita 5 na nusu kwa saa. Nikasukuma mpaka 2,300, ikaenda maili 7.3, ikachoma lita 13 kwa saa. Rudia kusoma hapo. Mwendo umeongezeka kwa maili moja na kidogo, mafuta zaidi ya mara mbili. Zanzibar kutoka hapa ni kama maili 40, kwahiyo kwa mwendo wa taratibu natumia lita 37 na ule wa haraka lita 71, lita 34 zote hizo nimelipia kuwahi kwa saa moja na dakika kumi. Nikaacha kuilaumu mashine siku hiyohiyo.

Sababu iko kwenye maji. Boti nzito isiyopaa juu ya maji ina kikomo chake cha mwendo, chukua urefu wa sehemu inayogusa maji kwa futi, tafuta kipeuo cha pili (square root), zidisha kwa 1.34. Yangu inagusa maji kama futi 33, inatoka maili 7.7 kwa saa. Ukikaribia hapo boti inaanza kupanda wimbi lake yenyewe, nyuma inazama, pua inanyanyuka, na kila lita unayoongeza inaishia kwenye povu. Ukifunga mashine mpya yenye farasi 150 kwenye boti hiyohiyo, kikomo kiko palepale.

Kingine ni chini ya boti. Bahari yetu ni ya joto, miezi mitatu tu bila kusugua na chini kunaota makome na majani, propela ndo usiseme. Ukiona moshi mweusi kwenye mwendo ambao zamani haukuwa na moshi, na mizunguko haifiki ilipokuwa inafika, angalia chini kabla hujagusa nozeli. Mimi nasubiri maji ya bamvua, yale yanayojaa na kutoka sana, naiegesha boti kwenye mchanga maji yakijaa, yakitoka nasugua upande mmoja, na siku inayofuata upande wa pili. Hakuna gharama ila mikono na kikwangulio. Baada ya kusugua mara ya mwisho nilirudisha karibu nusu maili kwa mizunguko ileile.

Sasa habari ya kuzima njiani, maana hii ndo inayoniuma zaidi. Kuna mwaka tunarudi kutoka Zanzibar mwezi wa sita, upepo wa kusi unapiga, ndani nina mke wangu na watoto, Mbudya tunaiona kwa mbali. Mashine ikaanza kupanda na kushuka yenyewe, ikapanda, ikashuka, ikazima. Boti ikageuka ubavu kwa mawimbi, watoto wakaanza kutapika. Nikafungua filta, kile kikombe cha kioo cha chini kilikuwa kimegawanyika, juu dizeli, chini maji yenye uchafu mweusi unaoteleza kama kamasi. Mafuta niliyanunua kwenye madumu kwa mtu, nikayamimina bila kuchuja, na mawimbi yakakoroga kila kitu kilichokuwa kimetulia chini ya tenki. Nilibadilisha filta, nikalegeza skrubu ya kutolea hewa, nikapampu kwa kidole kile kimkono cha pampu ndogo mpaka mapovu yakaisha, nikalegeza nati za nozeli moja moja huku mke wangu akipiga stata. Dakika 25. Sitaki mtu mwingine azipitie hizo dakika na familia yake.

Tangu hapo dizeli inapita kwenye chujio kabla ya tenki, tenki halikai nusu maana hewa ya Dar ina unyevu na unyevu unageuka maji humo ndani, na kikombe cha kioo nakimwaga kabla ya kila safari. Pampu ya nozeli ya hizi Perkins inalainishwa na dizeli yenyewe, maji yakifika mle inajikwaruza na kuitengeneza ni bei kubwa. Impela, ile feni ya mpira ndani ya pampu ya maji chumvi, nabadilisha kila mwaka hata ikionekana nzima, na ikikatika jino hakikisha umelipata hilo jino, lisije likaziba kipozeo. Wakati wa masika, mto Msimbazi ukishusha takataka baharini, angalia chujio la maji chumvi kila unaposimama.

Ukishafanya haya yote na bado moshi ni wa bluu mashine ikiwa ya moto, na oili inapungua, mwite fundi apime kompresheni, yani mgandamizo, silinda zote nne. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hapo ndo tuzungumze kuifungua, slivu mpya na ringi, na hesabu ya kuing'oa ije baada ya fundi kukuandikia bei ya hiyo kazi.