Maswali na majibu: Wasifu wa muuaji haumtii mtu hatiani

Nimesoma kwamba wauaji wa kingono ni wa aina mbili, wenye mpango na wasio na mpango. Ni kweli? (Mwanafunzi wa sheria, Dodoma)

Mgawanyo huo ni wa FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani. Robert Ressler na John Douglas waliwahoji wauaji 36 magerezani Marekani, Ann Burgess, profesa wa uuguzi, akasaidia kuchambua majibu, na kitabu chao kikatoka 1988. Kazi ile ilifungua njia. Lakini wote 36 walikuwa wameshakamatwa na wamekubali kuzungumza. Aliyekataa na asiyekamatwa hawamo. Mwaka 2004 David Canter, mwanasaikolojia wa Uingereza, na wenzake walipima mauaji 100 ya wauaji wa mfululizo wa Marekani, na makundi hayo mawili hawakuyaona. Walimu wa sheria, acheni kuwakaririsha vijana.

Hawa si vichaa? (Mwanza)

Wengi wao si vichaa. Gary Ridgway, aliyekiri mwaka 2003 kuua wanawake 48 jimboni Washington, alikuwa na mke na kazi ya kudumu ya kupaka rangi malori.

Marehemu alikuwa amevaa nini?

Mnaniuliza hili kila mara. Sitalijibu tena. Tunachunguza mwenendo wa aliyeua.

Muuaji hurudi kwenye eneo la tukio? (Tanga)

Baadhi hurudi, Ridgway alikiri hivyo. Ila wengi mnaowaona pale ni majirani na ndugu. Msimpige mtu kwa sababu amekuja kutazama.

Kwa nini polisi wasimwite mtaalamu wa tabia awaambie muuaji ni nani? (Mombasa)

Kwa sababu London walijaribu, na ikagharimu maisha. Mwaka 1992 mama kijana aliuawa mchana katika bustani ya Wimbledon Common, mtoto wake mdogo akiona. Polisi walipata wasifu, yaani makisio ya muuaji ni mtu wa namna gani, kutoka kwa mwanasaikolojia, wakamshuku mtu mmoja, wakamtuma askari wa kike ajifanye anampenda ili akiri. Hakukiri, nao wakamshtaki hivyo hivyo. Mwaka 1994 jaji aliukataa ushahidi huo na kesi ikafa. Lakini Novemba 1993, mtu huyo asiye na hatia akiwa mahabusu, Robert Napper aliua mama mwingine na binti yake. Vinasaba ndivyo vilivyomhusisha Napper na kifo cha Wimbledon, na mwaka 2008 akakiri. Wasifu usaidie kupanga nani achunguzwe kwanza, basi.

Tukikuta mwili tufanye nini? (Morogoro)

Msiuguse, na msiufunike. Najua kumsitiri marehemu ni heshima, na kumwacha wazi kunauma. Lakini kanga ya nyumbani huacha nyuzi na nywele za watu wengine, na hufuta mate na shahawa ambavyo maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ingevipima. Shikeni kanga kwa mbali kama pazia, zuieni watu, iteni polisi. Na aliyenusurika apelekwe hospitali mara moja, kabla hajaoga. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevu huozesha ushahidi.