Maziwa yanamtokea puani, na uzito unashuka

Swali: Sista, shikamoo. Mwanangu ana siku 19. Mdomo wake ni mzima, ila juzi nesi alimulika tochi akaona kaakaa limepasuka kwa nyuma. Ananyonya saa nzima, analala akiwa kwenye titi, akiamka analia tena. Maziwa mengine yanatokea puani. Alizaliwa na kilo 3.1, sasa ana 2.8. Mama mkwe anasema nilimcheka mtu nikiwa mjamzito. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na uzito. Mtoto anatakiwa awe amerudia uzito wa kuzaliwa akifika wiki mbili, kwa hiyo usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke kesho.

Mwanao si mvivu, wala maziwa yako si mepesi. Anayenyonya hufunga mdomo, kaakaa likaziba njia ya puani, ndipo maziwa yavutwe. Wake lina tundu, sawa na kunywa soda kwa mrija uliotoboka. Anatumia nguvu nyingi kupata kidogo, anachoka, analala na njaa. Kwa hiyo wewe ndiye umpelekee maziwa.

Kamua kila baada ya saa tatu, usiku pia, maana titi lisilokamuliwa hukauka. Kwa kilo zake, karibu mililita 60 kwa mlo mmoja, mara nane kwa siku, zinamtosha. Mkalishe wima mapajani, mkono wako ukishika shingo na mabega. Tumia kikombe kidogo kilichochemshwa: ukingo ukae juu ya mdomo wa chini, uinamishe mpaka maziwa yaguse mdomo, kisha subiri ayarambe mwenyewe. Usimmiminie! Hapo ndipo wengi wanapokosea, na maziwa huingia mapafuni. Ipo pia chupa laini ya kuminya, unayominya kidogo kila anapovuta; wakikupa hospitalini, wakufundishe kabla hujaondoka.

Mlo usizidi nusu saa. Anameza hewa nyingi, basi mweke begani acheue katikati na mwishoni. Yakitoka puani, simama kidogo, mfute, endelea, hayo hayamdhuru. Baadaye mpe vijiko viwili vya maji safi yaliyochemshwa kusuuza tundu? Hapana, mama, nasikia sana ushauri huo. Kwa umri huu kitambaa laini chenye unyevu kinatosha. Titi mwekee kwa kumbembeleza, si kwa kumshibisha.

Pima uzito kila wiki. Gramu 20 hadi 30 kwa siku, tumeshinda. Lakini akibadilika rangi kuwa bluu, akikoroma na kuvuta kifua kwa nguvu, au kidevu chake kikiwa kidogo kilichorudi nyuma, ni hospitali siku hiyohiyo. Masikio nayo yachunguzwe mara kwa mara, kwa kuwa watoto hawa hujaa majimaji ndani ya sikio na kusikia kwao hupungua.

Kaakaa hushonwa kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, kabla maneno hayajakolea. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hufanya upasuaji huo, na hospitali zinazoshirikiana na Smile Train, shirika linalosaidia watoto wenye mdomo au kaakaa lililopasuka, huufanya bila malipo. Kinachohitajika sasa ni kilo.

Mama mkwe mwambie hivi: pande za kaakaa huungana kabla mimba haijapita miezi mitatu, na zisipoungana si kwa kicheko cha mtu. Kisha mpe kikombe. Mlo wa saa tisa usiku anaweza kuulisha yeye.