Maji ya waridi si spreyi ya mekapu

Shoga, umeuliza kama maji ya waridi yanafaa mahali pa spreyi, maana kwenye harusi uso uliyeyuka hata bi harusi hajatoka. Hayafai. Yanaburudisha na kupunguza ule uungaunga wa poda, basi. Spreyi ya kushikilia mekapu ina polima, jamaa wa zile za spreyi ya nywele: maji na alkoholi vikikauka, unabaki utando mwembamba usoni, na huo ndio unaoshika. Soma kibandiko kabla hujalipa. Nyingine ndani ni maji na glisirini tu, za kung'arisha.

Mimi hupuliza mara mbili, baada ya fandesheni na tena mwisho kabisa juu ya poda. Chupa iwe mbali kiasi cha sentimita 25, macho na mdomo umefumba. Ukiisogeza karibu yanatua matone, na kila tone linajichimbia njia yake kwenye fandesheni. Halafu ngoja ikauke ndipo uvae buibui na mtandio. Siku moja nilifanya pupa, kidevu changu kikabaki kwenye bega la mama mkwe, nguo yenyewe nyeupe!

Jasho likija usipanguse, gandamiza tishu polepole. Ngozi ikiwa kavu au inawashwa, tafuta isiyo na alkoholi. Na kama utavuka feri ya Likoni saa nane mchana, fandesheni paka nyepesi, au kajipambe huko huko ng'ambo.